Sikio la Feni Namba Mbili

Asubuhi ile binti alichuchumaa kando ya feni namba mbili ya tanuri la saruji kama alivyofanya kila mwezi. Akapangusa vumbi la saruji, akakwangua kwa wembe lile doa dogo la chuma kitupu juu ya nyumba ya beringi ya nyuma, kisha akabandika kihisi chake cha kupima mtetemo. Sumaku ikauma chuma, ta! Akapima kwa ulalo, akahamisha, akapima kwa wima, akahamisha tena, akapima kwa kufuata shafti inakoelekea. Mashine ni kama mgonjwa mwenye kiburi: ukiibonyeza upande mmoja inasema haiumwi, ukizunguka upande wa pili inaruka.

Leo haikuruka upande wowote. Kasi ya mtetemo ilikuwa ile ile ya siku zote, namba ya kijani, namba ya kumfanya mtu akunje waya wake akanywe chai. Lakini binti alikuwa na tabia ya kutoiamini namba moja peke yake. Akafungua mchoro unaouchambua mtetemo vipande vipande, mizito ikikaa kushoto na myembamba kulia. Kushoto ilisimama nguzo moja ndefu, mzunguko wa shafti yenyewe, imerefuka kidogo kwa ajili ya vumbi lililoganda kwenye mapanga. Hiyo aliijua. Mwisho kabisa wa upande wa pili, mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa na vistari vifupi tu kama nyasi, palikuwa pameota miiba. Midogo, myembamba, imeachana kwa nafasi sawa kama meno ya kitana.

Nafasi sawa maana yake kitu kimoja kinagongwa kwa zamu: gololi moja baada ya nyingine inapita juu ya ufa ule ule. Beringi ilikuwa imeanza kufa, na ilikuwa inakufa kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

"Vipi, Kipimo? Mgonjwa hajambo?" kijana wa kupaka grisi alimuuliza kutoka ng'ambo ya feni. Aliuliza kwa midomo tu, bila sauti. Ndani ya jengo lile hakuna aliyepoteza pumzi zake kupiga kelele. Feni ilimeza kila neno, na watu walikuwa wamezoea kusomana midomo kama wanavyosoma saa ya ukutani. Huyu walimwita Mafuta, kwa kazi yake na kwa shati lake.

"Ana mafua," binti akamjibu kwa midomo vilevile.

"Mpeleke kwa Sikio akamwombee."

Binti akacheka. Sikio alikuwa baba yake.

Injinia alikuwa mgeni, na kiwandani pale aliikuta sheria ambayo hajawahi kuikuta kwingine: feni namba mbili haizimwi mpaka kifaa na sikio vikubaliane. Ikizimwa, tanuri linapoa, na tanuri likipoa kiwanda kizima kinakaa kutazamana. Zamani wataalamu wa kukodiwa waliwahi kuizima kwa sababu ya vipimo vyao, ikafunguliwa, ikakutwa haina hata mchubuko. Mwendesha feni mmoja alikuwa amewaambia tangu mwanzo kwamba ni nzima, kwa kuegesha tu nondo yake ya chuma kwenye beringi na kusikiliza. Tangu siku hiyo akaitwa Sikio, na hakuna kifaa kilichoaminiwa mpaka yeye aseme ndiyo.

Binti alipompelekea mchoro ofisini, Injinia aliutazama mpaka mwisho.

"Umeshamwambia mzee?"

"Bado. Huwa namwambia nyumbani, tukiwa tunakula."

"Kila mwezi?"

"Ni baba yangu, Injinia. Tutazungumza nini kingine?"

Injinia hakucheka. "Safari hii usimwambie. Mkishaambiana mezani, mimi hapa sina mashahidi wawili. Nina mmoja aliyesema mara mbili. Kesho aje asikilize, nione kila mtu anasema nini peke yake."

Binti hakuona ubaya. Kusema kweli alifurahi. Alipokuwa anatoka ofisini alishajiona kesho: baba yake ameinamisha kichwa, nondo sikioni, watu wamemzunguka, halafu anasema beringi ya nyuma, na Injinia anabaki mdomo wazi. Alitembea mpaka nyumbani akiwa na siri hiyo kama mtoto aliyeficha peremende shavuni.

*

"Leo umepima namba mbili?" baba aliuliza jioni, kabla hata hajamaliza kunawa vumbi mikononi.

"Nimepima, Baba."

"Anasemaje?"

Binti aliinamia sahani yake. "Kesho utamsikiliza mwenyewe."

Baba akaacha kunawa. Alikuwa na macho makubwa ya kung'ang'ania, macho ambayo mtu akizungumza hayaondoki usoni pake, na watu walimsifu kwa hilo: Sikio anajua kukusikiliza mtu. Sasa macho hayo yalimtazama binti utosini, na utosi haukusema kitu.

"Mwambie baba yako," mama alisema.

"Mama, ni mambo ya kazi. Injinia amekataza."

"Nimesema mwambie."

Mama hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya kiwandani. Alikuwa fundi cherehani, na kwake feni ilikuwa kitu cha kuleta vumbi kwenye mashuka. Binti alinyanyua uso kwa mshangao, akakuta mama ameshageuka anapakua kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

"Niacheni," baba alisema. "Kesho si mbali." Akacheka, kwa sauti kubwa kidogo kuliko chumba kile kilivyohitaji.

*

Walisimama watu sita au saba. Sikio alifika na nondo yake, kipande cha chuma kilichong'aa kwa kushikwa, kichwani kimechomekwa kitufe cha mbao alichokichonga mwenyewe kabla binti hajazaliwa. Hakuwahi kuvaa vizibo vya masikio. Aliwahi kupewa, akavitundika msumarini: nikiziba, nani atasikia? Wakubwa wakamsifu kwa moyo wa kazi.

Akaegesha ncha ya nondo kwenye beringi ya kwanza, kitufe akakibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akainamisha kichwa. Akaenda ya pili, ya tatu. Kwenye ya nyuma alikaa zaidi. Macho yake yalizunguka yakimtafuta binti, kama yalivyomtafuta kila mwezi, lakini Injinia alikuwa amemweka binti nyuma ya mgongo wa mzee, na binti alitii.

Sikio akajiinua. Akatoka nje ya jengo mpaka panapozungumzika, wote wakamfuata.

"Mapanga yana vumbi," alisema. "Mtikisiko wake mzito naupata mpaka kwenye nyayo. Lakini si wa kutisha. Yakipanguliwa vumbi anatulia."

"Na beringi?" Injinia aliuliza.

"Nzima."

"Zote nne?"

"Zote nne. Andika."

Injinia akafungua ule mchoro, akaunyoosha mbele ya mzee. "Mwanao anasema ya nyuma ina ufa."

Sikio hakuutazama mchoro. Alimtazama binti. Midomo yake ilisogea bila sauti, kama wanavyozungumza ndani, na hakuna mwingine aliyeona: *Hukuniambia.*

Kisha akageukia watu na sauti ikamrudi, nene, ya kuchekesha baraza. "Jamani! Huyu nimembeba mgongoni, leo ananionyesha ufa! Kihisi chake amekibandika juu ya rangi, kinacheza, kinaona maruweruwe. Nenda kakwangue vizuri, mama. Kule chuoni hawakuwafundisha kukwangua?"

Wakacheka. Mafuta alicheka mpaka akajishika mbavu. Binti alikuwa amekwangua mpaka wembe ukapinda, na wembe wenyewe ulikuwa mfukoni mwake. Hakuutoa.

"Sheria ni sheria," Injinia alisema. "Havijakubaliana. Feni inaendelea mpaka matengenezo ya mwisho wa mwezi."

*

Alimkuta mama kwenye cherehani, nguo iko chini ya sindano lakini hakanyagi. Amekaa tu, mguu juu ya kikanyagio.

"Ulijua nini jana, Mama?"

"Nijue nini mimi? Mimi nashona nguo."

"Mama."

Mama akakata uzi kwa meno. "Hasikii mlango," alisema. "Ukibisha hasikii. Nikimwita akiwa amenipa mgongo hasikii. Simu ikilia iko mfukoni mwake, anaitoa kwa sababu inamtetemesha paja. Nilidhani amenichoka, unajua? Mwaka mzima nililala na uchungu nikidhani mwanamume huyu amenichoka. Kumbe hanisikii."

"Lakini kazini..."

"Kazini kwenu nani anasikia?"

Binti akakaa kitako sakafuni, kwenye mabaki ya vitambaa. Kazini kwao hakuna aliyesikia. Wote walisomana midomo, na katika kusoma midomo baba alikuwa mwalimu wao wote. Mtu angeweza kuzeeka masikio ndani ya ngurumo ile asigunduliwe na yeyote, hata na mwanawe aliyesimama naye kila siku. Ni nyumbani tu, penye ukimya, ndipo alipokuwa kiziwi.

"Mbona amekuwa akipatia?" aliuliza. "Kila mwezi anapatia, Mama. Ile pampu ya maji niliiona mimi, akaisikia na yeye. Ile mota ya..."

Mama alikuwa anamtazama kwa huruma ambayo binti hakuipenda.

"Si ulikuwa unakuja kumsimulia hapa mezani?" mama alisema. "Ulidhani nani mwingine anamwambia?"

Miaka miwili. Kila mara kifaa na sikio vilipokubaliana, kiwanda kilipumua, na binti alirudi nyumbani kifua mbele, mwana wa Sikio, damu ni damu. Kumbe lilikuwa neno lake mwenyewe lililotoka kinywani mwake jioni likamrudia asubuhi kwa sauti ya baba. Mtetemo mzito aliupata kweli, kwa mifupa na kwa nyayo. Vumbi la mapanga halikumdanganya kamwe. Lakini magonjwa ya beringi huanza juu, kwenye sauti nyembamba, na hizo ndizo ngurumo humnyang'anya mtu kwanza, moja moja, bila kumpa taarifa.

Baba aliingia akiwa kimya, akakaa kwenye kigoda chake akiuelekea ukuta, akaanza kuparuza udongo kwenye soli ya kiatu. Hakusalimia. Jikoni birika lilikuwa motoni tangu awali, lile lenye mluzi. Mama alinyanyuka kwenda kuliondoa. Binti akamshika mkono.

"Mwanangu, usimfanyie hivyo."

"Kidogo tu, Mama."

Birika likaanza kwa kukoroma, likapanda, likapiga mluzi. Likapiga kweli kweli, mluzi wa kutoboa fuvu, mpaka jirani akapaza sauti upande wa pili wa ukuta, "Jamani, birika! Mmekufa huko?" Mgongo wa baba haukushtuka. Soli ilikuwa inaparuzwa, taratibu, kwa uangalifu, kingo zote, na birika linalia hatua tatu kutoka kichwani pake.

Mama aliwahi kuliondoa, akiwa analia.

Mvuke ndio ulimfanya baba ageuke. Uliupita uso wake. Akaona birika mkononi mwa mama, akaona machozi, akaona binti amesimama ameganda. Alikuwa mtu wa kusoma nyuso. Hii haikumchukua muda.

"Mnanipima," alisema. "Mnanipima kama feni."

"Baba..."

"Namba yangu ngapi? Ya kijani au nyekundu?"

Akakiweka kiatu chini. Alipozungumza tena alikuwa amejishusha, na binti hakuwahi kumsikia baba yake akiomba kitu.

"Nimebakiza mvua hizi tu. Mvua zikikatika, napewa mkono wa kwaheri. Watanipigia makofi, Injinia atasema maneno, nitatoka pale langoni ninaitwa Sikio. Sitaki kingine. Nipe mvua hizi."

"Beringi haitafika, Baba."

"Itafika. Nitamwambia Mafuta amnyweshe grisi mara mbili."

"Mafuta ndiye anayelala chini ya hiyo feni, Baba! Ikikatika ikizunguka, mapanga yale yatamkuta nani?"

Baba alimpenda Mafuta, alimsimamia hata harusi.

"Usiwaambie," alisema mwishowe. "Tafuta njia nyingine. Wewe umesoma, tafuta. Ila hilo usiwaambie."

Binti hakusema ndiyo wala hapana. Lakini uso wake ulisema, na baba akausoma wote mpaka mwisho, kisha akaokota kiatu chake.

*

Alitafuta njia nyingine. Alimwomba Injinia apime yeye mwenyewe. Injinia akasema kupima si kazi yake, na sheria aliikuta. Aliomba feni izungushwe polepole, tanuri halikukubali. Akapima kila asubuhi badala ya kila mwezi. Miiba ilirefuka. Kando ya kila mwiba vikaota vijiba, kushoto na kulia, na nyasi za chini zikaanza kuinuka kama shamba lililokosa mwenye jembe. Hatimaye hata ile namba ya kijani, iliyokuwa mvivu siku zote, ikasogea. Aliweka kiganja kwenye nyumba ya beringi, akakitoa mbio kwa moto wake.

Mafuta alikuwa amejipenyeza chini ya kinga ya shafti, miguu tu ndiyo inaonekana, anabana bomba la grisi. Akachungulia, uso mweusi kwa mafuta, meno nje.

"Sikio kaniambia nimbembeleze huyu kama mke wa pili," alisema kwa midomo. "Kuna nini kati yenu? Mnamgombania?"

Binti alisimama pale akiitazama miguu ile, kiatu kimoja kimefungwa kamba ya waya. Kisha akaenda zake ofisini. Hakuketi alipoambiwa aketi.

"Sikio la baba yangu halifanyi kazi," alisema.

Injinia akaweka kalamu chini. "Unasema mzee ni kiziwi?"

"Nasema sauti nyembamba hazimfikii. Nzito anazipata, kwa mwili. Za beringi hazipati. Neno lake lisihesabiwe."

"Tangu lini?"

"Sijui. Labda tangu kabla sijaajiriwa."

"Na mara zote zile mlizokubaliana?"

"Nilikuwa namwambia usiku uliotangulia. Zilikuwa zangu zote. Kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi. Yeye aachwe amalize mvua zake. Injinia, ninakuomba. Sema tu kwamba umeamua mwenyewe. Isemwe kifaa kimezidi."

Injinia alimtazama, na katika macho yake mlikuwa na wema wa kweli, ule wema usioweza kumsaidia mtu. "Nikisema hivyo, kesho wataniuliza kwa nini nimevunja sheria," alisema. "Nitajibu nini?"

*

Feni namba mbili ilipozimwa ilichukua muda mrefu kusimama. Ngurumo ilishuka ngazi moja moja, ikawa mgumio, ikawa pumzi, ikaisha. Ukimya uliomwagika mle ndani ulikuwa mzito kuliko kelele. Watu walianza kukohoa na kusikia kikohozi chao.

Sikio alisimama mstari wa mbele na nondo yake. Binti aliona bega la baba yake linapanda. Ngurumo ilikuwa nguo yake, na sasa alikuwa amevuliwa mbele za watu.

Wakafungua nyumba ya beringi. Fundi akachomoa pete ya nje, akaipangusa kwa kitambaa, akaizungusha kwenye mwanga. Ganda la chuma lilikuwa limebanduka kwenye njia ya gololi, shimo lenye ukubwa wa kucha, na kando yake ufa umeshaanza safari. Pete ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu alipitisha ukucha shimoni, kila mtu akatikisa kichwa. Ilipomfikia Sikio aliishika kwa mikono miwili. Hakupitisha ukucha. Aliitazama tu jinsi mtu anavyotazama picha ya maiti kuhakikisha ni ya ndugu yake.

"MZEE!" Injinia aliita. Alikuwa ameambiwa kwamba huyu hasikii, na alitaka kumtendea haki. Kwa hiyo alifungua kinywa chote, akavuta kila neno kama anayefundisha mtoto kusoma. "MZE-E! U-NA-NI-SI-KI-A?"

Jengo zima lilisikia. Sikio peke yake hakuelewa. Angeongea kama watu wanavyoongea siku zote mle ndani, angemsoma vizuri. Lakini mdomo ule uliopanuliwa na kukunjwa haukuwa na neno hata moja ndani yake.

"Unasemaje?" aliuliza.

Mtu akacheka kwa pua. Na Mafuta, ambaye wiki nzima alikuwa amelala chini ya shimo lile, akashindwa kujizuia. "Sikio limestaafu, limemwacha mwenyewe kazini!" alisema, na kicheko kikawapasua wote, kicheko cha watu waliopona bila kujua. Mafuta mwenyewe aliacha kucheka kabla ya wengine. Alikuwa amemwona mzee akitabasamu kidogo, akiwafuata, bila kujua kinachochekwa ni nini.

"Wewe mwambie," Injinia alimwambia binti kwa sauti ya chini. "Sitaki kumpigia kelele. Mwambie aende akapumzike nyumbani. Kuanzia leo. Ofisi itamletea barua."

Macho ya baba yalikuwa yameshamfikia binti. Yalimjia kama yalivyomjia kila mwezi, kila jioni mezani, yakisubiri aambiwe mashine inasemaje. Binti akasogea mbele yake. Hakutumia sauti. Alisema kwa midomo peke yake, si polepole sana, kama wanavyosema wenyewe feni ikiwa inanguruma, ili angalau hilo asilichangie na mtu.

*Anasema uende nyumbani, Baba. Kuanzia leo.*

Baba akaitikia kwa kichwa. Akamrudishia fundi ile pete. Nondo akaiegemeza kwenye nyumba ya beringi iliyo wazi, kwa utaratibu, akahakikisha haianguki. Alipofika mlangoni aligeuka, si kwa binti, kwa feni.

*

Beringi mpya ilifungwa, tanuri likawashwa, namba mbili ikarudi kuimba. Binti aliipima kwa ulalo, kwa wima, na kwa kufuata shafti. Upande wa sauti nyembamba palikuwa na nyasi tu, fupi, safi. Mafuta alimnyooshea kidole gumba kutoka chini ya kinga, kwa haya. Binti alikunja waya. Alikuwa na habari njema, na mtu wa kumpelekea habari kama hizo alikuwa mmoja tu duniani.

Alimkuta kwenye kigoda, safari hii hakuuelekea ukuta, aliuelekea mlango. Alimwona akiingia. Binti akapiga goti mbele yake, mahali penye mwanga, uso wake wote ukiwa wazi.

"Shikamoo, Baba."

Baba akafumba macho.

Alisubiri. Alidhani ni vumbi, ni uchovu. Akamgusa goti. "Baba." Kope zile zilikuwa zimebanwa kwa makusudi, na binti akaelewa polepole, kama mtu anayesikia mlango ukifungwa chumba kwa chumba. Mtu anayesikia kwa macho, akiyafumba, ndivyo anavyokufungia nje.

"Amekuwa hivyo," mama alisema kutoka kwenye cherehani, bila kumtazama. "Mimi ananitazama. Jirani anamtazama. Nilidhani kwako ataona haya."

"Nimwambieje sasa, Mama?"

Mama alikanyaga, cherehani ikaenda hatua chache, akaiachia.

Binti aliuchukua mkono wa baba, ule wa kulia, kiganja kigumu kilichochongwa na nondo. Hakuukaza, na baba hakuunyima. Akasukuma kando ukosi wa nguo yake ya kazi, akapangusa vumbi la saruji shingoni kwa ncha ya khanga ya mama iliyokuwa karibu, akakibandika kiganja kile kwenye koo lake, kwenye ngozi tupu. Kisha akaongea, kwa sauti nzito kadiri alivyoweza, ile ya chini ambayo mifupa huipata.

"Namba mbili ni mzima, Baba. Mafuta ni mzima. Nilipaswa kukuambia wewe kwanza, mezani, kama siku zote. Nisamehe."

Kiganja kilitulia pale. Alihisi kinampokea, vidole vikijipanga vyenyewe kwa ustadi wa kazi, kimoja kikisogea kidogo kutafuta mahali panaposikika zaidi. Hata alipomaliza kusema hakikuondoka.

"Ungeniambia," baba alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno, isiyojua ukubwa wake, mpaka upande wa jirani pakanyamaza. "Usiku ule. Ungeniambia."

Kisha akauondoa mkono taratibu, kama binti mwenyewe anavyokitoa kihisi akishapata kipimo chake, akauweka juu ya goti. Macho hakuyafumbua.